Yaliyotangulia Husimuliwa Lini?

Katika chuo cha ualimu ambako nilikuwa mkuu kulikuwa na chumba kidogo kando ya bohari, tulichokiita maktaba kwa heshima zaidi kuliko kwa haki. Vitabu vyake vingi vilikuwa vya mbinu za kufundishia hesabu, na mchwa walikuwa wamekwisha kuvisoma kabla yetu. Mwaka 1996 mkufunzi mmoja mgeni, aliyekuwa akirejea kwao, alituachia sanduku la vitabu vya Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na hadithi zote saba za C. S. Lewis juu ya nchi ya Narnia, nchi ya kubuni yenye wanyama wasemao, wachawi, vita na wafalme. Ni hadithi zilizoandikiwa watoto. Lakini kila aliyepata kushika chaki anajua kuwa hadithi za watoto ndizo watu wazima hugombania kwa dhati.

Ugomvi wetu ulianzia kwenye namba. Kitabu cha kwanza kutoka kilitoka mwaka 1950. Humo watoto wanne wanaingia katika kabati la nguo na kutokea kwenye msitu wa theluji, na katikati ya msitu huo imesimama nguzo ya taa inayowaka, wala hakuna anayeeleza ni nani aliyeiweka. Mwaka 1955, ikiwa ni hadithi ya sita kuchapwa, Lewis alitoa *The Magician's Nephew*, yaani mpwa wa mchawi, inayorudi nyuma miaka mingi na kusimulia jinsi nchi ile ilivyoumbwa, taa ilivyofika msituni na uovu ulivyoingia. (Hapo Kiswahili kinatudai tujue kama mchawi huyo ni mjomba au ba' mdogo, Kiingereza hakijali. Ni mjomba, ndugu wa mama.) Baadaye, mwaka 1994, wachapaji wakaipanga upya safu nzima kwa kufuata mwenendo wa matukio, na hicho cha sita kikapewa namba moja. Sanduku letu lilichanganya matoleo ya zamani na mapya. Basi tulikuwa na kitabu cha kwanza viwili, na wanachuo wakaja ofisini kwangu kuuliza waanze na kipi.

Niliwaambia wasome watakavyo, kisha tukutane Jumamosi baada ya usafi. Walikuja kama ishirini hivi.

Binti mmoja kutoka Ukerewe, ambaye kwa kawaida hakusema mpaka aulizwe, alisema kitabu kile cha sita kimemwibia taa yake. Alipoisoma mara ya kwanza aliipenda kwa kuwa haikuwa na mwenyewe. Sasa anajua ni kipande cha chuma kilichong'olewa kwenye nguzo moja ya London, kikatupwa kwenye udongo mpya, kikaota. "Ni kama mtu aliyeniambia mama yangu alinunua wapi kanga zake zote," alisema. Kijana wa Tarime akamrukia. Kwao, alisema, mgeni akibisha hodi huulizwa kwanza ni wa ukoo gani, na jibu likipatikana ndipo hutolewa kigoda. Utamkaribishaje mtu usiyemjua anakotoka? Mwingine akalalamika kuwa kitabu cha namna hiyo hakina hofu ndani yake. Mvulana Digory anapita kwenye hatari, lakini msomaji anajua hatakufa, kwa maana amekwisha kumwona ni mzee katika kitabu kilichotangulia kutoka. Nami nilitaja jambo ambalo liliwachekesha, kwamba mwaka 1957 mtoto mmoja wa Marekani alibishana na mama yake juu ya suala hilohilo, akamwandikia Lewis mwenyewe, na Lewis akajibu kuwa yeye yuko upande wa mtoto, wa kufuata mwenendo wa matukio, ila pengine si jambo kubwa sana. Yaani mwenye hadithi mwenyewe hakulikazania.

Aliyenishinda ni mama mmoja wa makamo. Alikuwa ameanza kazi kama mwalimu wa UPE, mmoja wa wale waliochukuliwa na darasa la saba lao baada ya Azimio la Musoma la 1974 ili kila mtoto apate mwalimu, na alikuwa amekuja kwetu kujiendeleza. Alisema hivi: katika kitabu cha 1950 yumo Profesa mzee, mwenye nyumba ile yenye kabati. Msichana mdogo anaporudi na kusimulia alikokwenda, ndugu zake wanamwona mwongo. Profesa peke yake ndiye anayekataa kumhukumu. Anawauliza: ni nani kati ya watoto hawa ndiye msema kweli siku zote? Basi mna haki gani ya kumwita mwongo leo? "Nilimpenda mzee yule," alisema yule mama. "Nilisema hivi ndivyo mwalimu anavyotakiwa kuwa. Kisha nikasoma hiki kingine, nikakuta kuwa Profesa ndiye Digory. Ni yeye aliyegonga kengele, akamwamsha malkia mchawi. Yule rafiki yake wa kike alimkataza, akamkamata mkono akamwumiza, akaigonga. Uovu wote wa nchi ile ulipita mkononi mwake. Sasa sijui nimfanyeje." Akanigeukia. "Mkuu, wewe ungependa kuyajua yaliyotangulia?"

Nilitazama saa. Nikasema kengele ya chakula imekaribia.

Msomaji mpenzi, nimelitafakari swali lile kwa karibu miaka thelathini, na sasa kwa kuwa nimestaafu na kurudi Robanda, ambako asubuhi huwa ndefu, sina tena kengele ya kuniokoa. Nianze na yale niliyozoea kufundisha.

Nilifundisha kuwa hadithi isomwe kwa mfuatano ilivyotolewa. Sababu yangu ilikuwa hii: mtu tunamkuta njiani, hatumkuti tumboni mwa mama yake. Tunamwona anachotenda, tunamthamini au tunamwogopa, na hapo ndipo asili yake inapokuwa na maana kwetu. Hata wazee wetu wa Ikoma walitufundisha hivyo. Mtoto wa Robanda huanza kusikia habari za Machaba, pembe za ndovu ambazo kabila letu linazienzi, akaziogopa, akakatazwa kuzitajataja ovyo, na baada ya miaka ndipo husimuliwa kuwa zilitoka kwa mganga wa Kitatoga. Huvijua vilima kwa majina kabla ya kuambiwa kuwa chimbuko letu liko Sonjo, mashariki huko. Babu yangu hakuanza na Sonjo hata siku moja. Alianza na kilima tulichokuwa tumekaa juu yake.

Lakini mfuatano wa kutolewa nao una mitego yake, na kwa hili sina haja ya kwenda Narnia. Marehemu Shaaban Robert alitupatia *Kusadikika* mwaka 1951, nchi iliyo angani, na vizazi vya wanafunzi wetu vimeisoma. *Kufikirika* ilichapwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya yeye kufariki, ingawa alikuwa ameiandika miaka mingi kabla. Hazisimulii nchi moja wala watu walewale, kwa hiyo kwa ukali wa maneno moja si utangulizi wa nyingine. Hata hivyo wasomaji huzichukua kama ndugu, kwa sababu ya majina, na huzishindanisha. Nimesikia mara nyingi ikisemwa kuwa *Kufikirika* ni marudio dhaifu, kana kwamba mwandishi alichoka. Nilimuuliza mwanachuo mmoja aliyesema hivyo: je, ukiambiwa kuwa ndiyo iliyoanza kuandikwa? Alinyamaza kidogo, akasema: basi ni mazoezi mazuri. Kitabu hakikuwa kimebadilika hata nukta. Kilichobadilika ni mahali pake katika foleni, na hapo hapo dosari ikageuka kuwa ahadi. Sijapata mfano mwingine unaonionyesha wazi kiasi hicho jinsi tunavyohukumu kwa foleni.

Mimi binafsi naipenda *Kufikirika* kwa ajili ya yule mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa sababu alitaka mtoto wa mfalme apate nafasi ya kucheza. Lakini niliyoifundisha kwa moyo ni *Kusadikika*. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria. Anaomba jambo moja tu, kusikilizwa. Anasimama mbele ya baraza na kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta manufaa ya nchi, na waliporudi na mema wakatiwa gerezani bila kusikilizwa. Kila mwaka niliwaambia walimu watarajiwa: kabla hujainua fimbo, mtoto aseme. Niliisema mara nyingi hata wakaigeuza kuwa mzaha wa chuo. Siku ya kuniaga walisimama mmoja mmoja wakanisifu kwa hilo. Mmoja alisema kuwa katika miaka yangu yote hapakuwa na mwanachuo aliyeadhibiwa bila kuitwa na kuulizwa. Ni kweli. Walinipa saa ya ukutani na shuka.

Sasa yaliyotangulia.

Mwaka 1975 nilikuwa kijana, mwalimu mkuu wa shule ya msingi moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa miaka ya Elimu ya Kujitegemea. Tulikuwa na shamba la pamba na duka dogo la ushirika la wanafunzi, lililouza kalamu, sabuni na chumvi, na mvulana wa darasa la sita ndiye aliyekuwa mweka hazina. Fedha ziliwekwa kwenye kopo la maziwa, kopo likawekwa kabatini ofisini, na ufunguo tulikuwa nao wawili, yeye na mimi. Jumatatu moja kopo lilikutwa tupu. Shilingi 84. Kwa siku zile zilikuwa fedha.

Sikumwuliza. Nilimwita mbele ya gwaride, nikatangaza kosa lake, nikamchapa mbele ya shule nzima, wakubwa na wadogo zake wakiwamo, na nikamwambia asirudi mpaka arudi na fedha. Alifungua kinywa mara moja aseme neno, nami nikamwambia afunge. Jambo hilo nalikumbuka zaidi ya fimbo. Alikwenda zake akipitia kwenye shamba la pamba badala ya njia.

Wiki tatu baadaye nilifungua rejista ya mahudhurio ya mwezi uliopita, nikakuta bahasha. Ndani yake mlikuwa na fedha za duka, zote. Niliziweka mwenyewe. Ilikuwa siku niliyoitwa ghafla kwenye mkutano wa Operesheni Vijiji, watu walipokuwa wakihamishwa na kila mwalimu akitakiwa kuandika orodha za kaya. Nilizitoa koponi kuzihesabu, nikasikia gari, nikazisukumia kwenye kitu cha karibu nikatoka mbio.

Ningeweza kusimamisha gwaride lingine. Sikufanya hivyo. Nilirudisha fedha koponi, nikaandika kwenye daftari kuwa zimepatikana, nikatuma mtu kwa baba wa mvulana na ujumbe kwamba mtoto anaweza kurudi shuleni, amesamehewa.

Amesamehewa! Baba yake, mzee asiyejua kusoma, alinirudishia jibu kwa mjumbe yuleyule: mwanangu hakuiba, kwa hiyo hana cha kusamehewa, na hatarudi kwa mtu anayesamehe hivyo. Hakurudi. Wenzake walimaliza la saba, yeye akachunga ng'ombe.

Kuna mahali katika kitabu kile cha 1955 ambapo sikuweza kupasoma kwa sauti mbele ya wanachuo. Simba Aslan anamuuliza Digory jinsi mchawi alivyoingia. Mvulana anasema kuwa walikutana naye tu. Anaulizwa tena. Anasema aliamka. Mwisho anakiri kuwa yeye ndiye aliyemwamsha kwa kugonga kengele, na kwamba labda alikuwa amerogwa kidogo na maandishi yaliyokuwa pale. Anaulizwa tena, na anakiri kuwa hakurogwa. Alikuwa anajifanya tu. Mimi nami nilikuwa na kurogwa kwangu. Nilijiambia ilikuwa Operesheni, uchovu, ujana, amri kutoka wilayani. Yote yalikuwapo kweli. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililomwambia mtoto afunge kinywa.

Basi tazama ugumu wa swali la yule mama. Haki niliyoifundisha kwa miaka yote ile ilizaliwa siku ile kwenye gwaride. Walionisifu walisoma kitabu cha pili wakidhani ni cha kwanza. Je, niliwadanganya? Kwa muda mrefu nilijijibu kuwa hapana, mwanafunzi anahitaji mafundisho, si wasifu wa mwalimu. Na kuna ukweli ndani yake; mwalimu anayeungama kila siku darasani anajifundisha yeye tu. Tena hofu yangu kubwa haikuwa kuwa watanichukia. Niliogopa watanisamehe upesi mno. Wangesema: kumbe ndipo alipojifunza! Wangeona kosa lile ni mbegu na uadilifu ni mti, kama ilivyo katika kitabu, ambamo tufaha analopewa Digory linamponya mama yake, kokwa zake zinaota mti, na mbao za mti huo ndizo zinazogeuzwa kuwa lile kabati. Ni hadithi nzuri sana. Lakini katika hadithi hiyo Polly, yule rafiki aliyeumizwa mkono, anaombwa radhi, anasamehe, na anakwenda safari pamoja naye. Wangu alikwenda kuchunga ng'ombe. Hapana mti uliota kwake kutokana na kosa langu. Mimi nilipata hekima na yeye akapata hasara, na ukizisimulia mbili hizo kwa pumzi moja huwa kana kwamba yeye alinilipia ada.

Ndiyo sababu nasema suala la kipi kianze si la vitabu tu. Ukianza na Profesa mwema, kengele inakuwa maelezo ya wema wake. Ukianza na kengele, Profesa anakuwa mtu aliyeponyoka. Mambo ni yaleyale, lakini katika mfuatano wa kwanza aliyeumizwa ni sehemu ya maisha ya mwenzake, na katika ule wa pili angalau anasimama mwenyewe mlangoni kabla hatujampenda aliyemwumiza. Naona sasa kuwa nilipendelea mfuatano wa kwanza kwa miaka mingi kwa sababu ambazo hazikuwa za fasihi.

Jambo jingine ndilo lililonifanya niandike. Shaaban Robert hakuiona *Kufikirika* ikiwa kitabu mikononi mwa watu. Mwingereza J. R. R. Tolkien, aliyeandika hadithi kubwa ya pete ya uovu, alishughulikia masimulizi ya yaliyotangulia tangu ujana wake hadi alipofariki mwaka 1973, na ni mwanawe aliyeyakusanya na kuyatoa mwaka 1977 kwa jina la *The Silmarillion*. Wasomaji waliokwama wasingeweza tena kumwuliza mwenyewe alikusudia nini. Yaliyotangulia yana tabia hiyo ya kubaki sandukuni hadi mwenyewe amekwenda. Mimi sina mtoto atakayepanga karatasi zangu, na daftari lile la duka la shule sijui liko wapi.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilikwenda kwake. Naye anaishi hapa Robanda. Amekuwa mlinzi wa usiku kwenye kambi moja ya watalii, na sasa wanawe ndio wanaofanya kazi. Tumekuwa tukisalimiana kwa miaka mingi, "Shikamoo mwalimu," "Marahaba," na kupita. Safari hii niliketi. Nilikuwa nimeyaandika haya kwa mkono, nikamwomba ruhusa, nikamsomea tangu mahali pa kopo hadi mahali pa baba yake, ambaye sasa ni marehemu. Alisikiliza akitazama ng'ombe waliokuwa wakirudi. Sikumwomba msamaha kwa neno hilo. Niliona nilikwisha kulitumia vibaya. Nilimwambia, "Hukuiba, nami nilijua baada ya wiki tatu."

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilijua siku ileile."

Mkewe alileta chai. Tulipokuwa tukinywa aliniuliza kitabu hicho kitakuwa na sura ngapi, na sura hii nimeiweka ya ngapi. Nikamwambia ni ya kumi na moja, baada ya zile za chuo. Akauliza kama inawezekana kuisogeza. Nilimwambia mchapaji amekwisha kupanga kurasa na nitamwuliza, na nimemwuliza, na amesema itakuwa na gharama.

Halafu akaomba nimsomee tena pale pa fedha. Nilisoma. Akatikisa kichwa, akasema hazikuwa shilingi 84. Zilikuwa 86 na senti 50. Alizihesabu mwenyewe Ijumaa jioni kabla hajafunga kabati. Nilitoa kalamu nirekebishe palepale, akanizuia mkono. Alitaka niiache hesabu yangu kama nilivyoiandika, na yake niiandike hapa chini.

Shilingi 86 na senti 50.